Namba Kumi na Moja

Ijumaa jioni Entin aliiba angklung, ala ya mianzi inayolia ikitikiswa, na Jumamosi asubuhi ilikuwa ndani ya begi lake chini ya dawati, yeye akifanya mtihani wa marudio wa hesabu. Alikuwa ameiviringisha kwenye sweta isije ikalia.

Hakuwa mwizi, jamani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeichukia shule tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, na kilichomtoa kitandani asubuhi ni huo mwanzi tu. Katika kundi lao kila mtoto hushika angklung yake, na kila angklung ina sauti moja. Ya Entin ilikuwa namba kumi na moja. Asipokuwepo, wimbo unatoboka. Nyumbani walikuwa watoto saba, na kuna siku alikosa chakula cha jioni asiulizwe na mtu, lakini kwenye wimbo asingeweza kukosekana watu wasijue.

Basi hesabu akapata thelathini na mbili, na kanuni ya shule inasema chini ya sitini huchezi. Aliyeitunga simjui, ila naapa hajawahi kushika mwanzi. Pak Uja, mwalimu wa muziki, akampa namba kumi na moja Cucu, katoto ka darasa la chini yake.

"Ni kutikisa tu," Pak Uja alisema mbele ya wote. "Hata kuku angeweza."

Neno hilo lilimchoma Entin mpaka kwenye mfupa. Ah, hata kuku? Haya, watikise hewa.

Lori la kuwapeleka mashindanoni mjini Garut lilikuwa liondoke saa nne. Mtihani ulikuwa uishe saa nne na nusu. Akipata sitini, atarudi kundini Jumatatu. Akitoka chumbani kabla ya muda, anapata sifuri na anakaa nje ya kundi mwaka mzima. Entin alikuwa amekwama kwenye swali la nne, la gunia la mchele, aliposikia kilio nje ya dirisha.

Alikuwa Cucu, kamasi zinamtoka. "Dada Entin! Namba kumi na moja haionekani! Pak Uja anasema nimeipoteza mimi, na baba ataitwa!"

"Ondoka dirishani, wewe!" alifoka Bu Rukmini, mwalimu wa hesabu.

Entin alilitazama gunia la mchele kwenye karatasi. Roho ilimwambia nyamaza, akashika kalamu. Cucu akakwama kwa kwikwi. Hapo Entin alivuta begi akasimama.

"Ukivuka mlango huo ni sifuri," alisema Bu Rukmini. "Sitanii, Entin."

"Najua, Bu."

Alimkuta Cucu chini ya dirisha, akafungua sweta.

"Kumbe unayo wewe!"

"Ninayo. Utanitukana baadaye. Mstari mrefu wa wimbo unaujua?"

"Hapo ndipo ninapopotea kila siku, dada."

"Una mapigo ishirini na manne. Robo tatu yake nyamaza, yaani kumi na nane. Yanabaki sita. Hayo sita ndiyo yetu... ndiyo yako. Usimtazame mtu, wewe hesabu. Na umwambie Pak Uja aliyeiba ni Entin."

Cucu alikimbia. Entin alirudi darasani, akamkuta Bu Rukmini karibu na dirisha, karatasi ya Entin mkononi, na sifuri nyekundu juu.

"Swali la nne umeacha wazi," alisema mwalimu. "Gunia lina kilo ishirini na nne za mchele. Robo tatu zimeuzwa. Zinabaki ngapi?"

Entin aliduwaa. "Sita."

"Mbona hukuandika, mtoto wewe?"

"Hilo ni la mchele, Bu. Sikujua kumbe ni kitu kilekile."

Bu Rukmini alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigonga mbao. Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha robo na nusu. Aliitazama kalamu yake nyekundu.

"Sifuri nimeshaiandika," alisema kwa sauti ndogo. Entin alirudi kuketi kwenye dawati lake, maana aliijua kanuni kuliko alivyoijua hesabu.

Lori liliwashwa. Watoto walikuwa wakifanya mazoezi humohumo wakiondoka, na mstari mrefu ulianza walipofika getini. Midomo ya Entin ilihesabu. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Mkono wake ulitikisika wenyewe juu ya dawati, mtupu, na huko barabarani namba kumi na moja ikalia, safi, kwa wakati wake.

Cucu hakupotea. Wimbo haukutoboka hata kidogo. Entin alifurahi, kweli alifurahi, kisha akalaza kichwa juu ya dawati akalia.