Aliyefuata Moto

Yunusu alikuwa anabadilisha zipu ya sketi ya shule dukani kwake Uyole, ametoka kuswali magharibi muda si mrefu, simu ikaita. Ilikuwa Julai, baridi imekaza hadi vidole vinagoma kushika sindano. Namba yake ndiyo iliyobandikwa mtaani kwa ajili ya zimamoto wa kujitolea: watu sita, guta moja lenye tangi la maji, na pampu. Sauti ya mwanamke ikasema, "Kwa Mama Goodness kunaungua! Njooni na miundu!" Simu ikakatika.

Kina Mama Goodness walikuwa wawili. Wa kwanza ni mke wa Ezron mwenye yadi ya mbao kando ya barabara kuu, nyumba ya bati la rangi na vioo kila upande. Ezron ndiye aliyewanunulia ile pampu, na kila akikutana nao huwaambia kwa utani ambao si utani, "Siku ya kwangu msije mkachelewa." Wa pili ni Damari, mjane mlima viazi, nyumba ya mwisho kilimani, paa la nyasi. Sasa bati halikatwi kwa mundu. Nyasi ndizo zinazokatwa: watu hupanda juu, wakafyeka paa mbele ya moto ili moto ukose pa kupita. Hata mtoto wa darasa la tatu angejua ni Mama Goodness yupi.

Yunusu alijua. Tusimtetee kwamba hakusikia. Alisikia vizuri sana. Lakini alimwona Ezron akilini, amesimama getini anaangalia saa, na kile kilima kina mwinuko mkali, na moto wa nyasi, alijiambia, mara nyingi watu huuzima wenyewe. Wapite kwanza kwa Ezron, dakika tano tu. Jailos na Ambrosi walipofika na guta wakauliza wapi, akajibu, "Kwa Mama Goodness," hakusema yupi. Guta likashika barabara kuu.

Kwa Ezron walikuwa wanakula wali mbele ya televisheni. Mama Goodness wa mbao akacheka sana, akawashukuru kwa kuwahi, akawamiminia chai. Walikunywa wamesimama, kwa heshima, na Ambrosi aliongezwa kikombe.

Walipofika kilimani zilikuwa zimebaki kuta. Majirani walikuwa na ndoo mikononi, hakuna aliyekuwa akimwaga tena. Damari alikuwa ndani. Jirani yake, Esnath, ndiye aliyekuwa amepiga simu. Aliwatazama mikono mitupu akauliza, "Miundu iko wapi?" Jailos akasema walichanganya majina. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana majina kweli yalifanana. Hata kwenye kikao cha mtaa iliandikwa hivyo hivyo: walichelewa kwa sababu ya kufanana kwa majina.

Damari alizikwa Alhamisi, kwaya ikaimba vizuri. Jumapili, jua linazama, akabisha hodi mlango wa uani kwa Yunusu. Alivaa kitenge kilichoungua pindo, mkononi ana kigae cha chungu.

"Naomba moto, mwanangu. Kule tuliko kuna baridi."

Amna, mke wa Yunusu, alikuwa anapepea jiko la mkaa. Akamkaribisha akae. Damari akasema hakai, amefuata moto tu. Mgeni mwenye haraka huulizwa kwa utani kama amefuata moto, lakini huyu ndicho alichofuata kweli. Akamwekea makaa matatu kwa koleo. Damari akashukuru kwa kilugha, "ndaga," akapandisha njia ya kilimani.

"Marehemu amekonda," Amna akasema, akaongeza mkaa maana maharage yalikuwa hayajaiva.

Ikawa kila siku. Majirani wakamzoea, wakawa wanampisha njia na kumwamkia. Siku moja alisahau kigae akabeba makaa kiganjani, na Amna akamfokea kidogo kwamba atajiunguza. Wala hakuwahi kumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomtafuna Yunusu. Angemtukana, angekuja na laana, mtu angejua pa kushika. Mama wa watu anaomba makaa matatu na kushukuru! Yunusu akawa hali vizuri, akishona anashona mkono wa shati kwenye shingo. Jioni moja akamfuata hadi nje.

"Mama, ile siku mimi nilisikia..."

"Makaa yanapoa, mwanangu," Damari akasema, akaenda zake.

Basi Yunusu akaelewa kwamba huko hakuna wa kumsikiliza, na kwamba aliyebaki kuambiwa ni Goodness, binti wa marehemu, anayepikia mama ntilie mmoja kule Mgololo. Angekuja kwa arobaini. Yunusu akamwambia mkewe, "Akija namwambia."

"Mwambie kabla hajala," Amna akasema. "Akishakula kwetu utashindwa."

Goodness alikuja jioni ya arobaini, kuwashukuru zimamoto nyumba kwa nyumba. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akaamkia, akakataa soda. Alikuwa bado hajala. Yunusu akakohoa kusafisha koo, na hapo hapo hodi ikapigwa uani.

"Shikamoo, mama," Goodness akasema.

"Marahaba. Sweta lako liko wapi na baridi hii?"

"Nimeliacha kwa Esnath."

Damari akapokea makaa yake, akamgusa binti bega, akaondoka. Goodness akabaki anautazama mlango.

"Kwangu hajafika hata siku moja," akasema. "Nimeacha mlango wazi usiku mzima mara ngapi. Kaka Yunusu, kwa nini anakuja kwako?"

Amna akaacha kupepea. Swali lilikuwa limekuja lenyewe, limevua viatu, limekaa katikati ya jiko na kigoda. Yunusu alilihisi jibu likipanda kifuani. Akafungua mdomo.

"Labda," akasema, "kwetu ni karibu."

Goodness akalia. Akamshika Yunusu mikono yote miwili, akaiinamia. "Mungu akulipe, kaka. Mwenzangu umempokea mama." Amna akainamisha uso kwenye sufuria, akapakua ugali, wakala wote watatu.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, lori la mbao linalopita kutoka Mgololo humshushia Yunusu gunia la mkaa kituoni, limeandikwa jina lake kwa rangi nyekundu. Hulibeba mwenyewe begani, hataki kusaidiwa. Ni mkaa mzuri, mgumu, hautoi moshi. Damari ameusifu mara mbili.

Juzi gunia lilikuja na ujumbe kwenye simu: *Asante kwa kumtunza mama. Nakuombea kila siku.* Yunusu aliketi juu ya gunia, akaandika, *Dada, kuna jambo sikukwambia.* Akalisoma. Akalifuta herufi moja moja, akaandika, *Amina.*