Kidole cha Kogo

Vuuuu. Sauti ilitoka upande wa ukuta, nzito na ya chini, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Stima ilikuwa imepotea dakika hiyo hiyo, na ukumbi ule wa makumbusho ya chuo kikuu haukuwa na dirisha hata moja. Kibii alisimama gizani, kiganja chake juu ya kioo cha kabati la mafuvu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni nyuki, boss," akajibu Odero, mfanyakazi aliyekuwa akiitembeza familia yao. "Wamejenga nyuma ya yule nyati aliyekaushwa, kule mwisho. Mtu wa kuwahamisha anakuja Jumatatu. Ukiwaacha, watakuacha."

"Nyuki!" Kogo, mamake Kibii, alicheka kwa furaha. "Tangu asubuhi naonyeshwa simba waliojazwa nyasi kama godoro la bweni, kumbe jamaa zangu wako hapa, tena wazima!"

Kibii hakucheka. Alinyoosha mkono kumshika bintiye. Mkono ukashika hewa.

"Jebet? Sally, uko na mtoto?"

"Si alikuwa na wewe?" mkewe akajibu.

Wao walikuwa ukoo wa nyuki. Kwao Molo, kundi likitua juu ya paa, hakuna aliyewasha moto wala kurusha jiwe. Kogo alitoka nje, akawasalimia, akawaomba kwa heshima waende zao, nao wakaenda. Kuua nyuki kulikuwa sawa na kumpiga ndugu. Jebet, miaka sita tu, alizijua salamu hizo zote kwa moyo.

Lakini mwezi wa nne, Kogo akiwa Dundori kwa dadake, nyuki mmoja alimuuma Jebet shingoni katika shamba la viazi. Haikufika dakika kumi midomo ikavimba, koo likaziba, mtoto akawa rangi ya jivu. Pikapu ya viazi iliwafikisha hospitali pumzi ikiwa imebaki uzi. Daktari aliwapa sindano ya kubeba kila mahali, akawaambia wazi kwamba nyuki mwingine anaweza kummaliza.

Kibii alimficha mamake habari hizo. Sally alimzaa Jebet kabla ya harusi, na mashangazi wa Kibii walikuwa bado wanauliza mtoto yule ni wa nani. Mtoto wa ukoo wa nyuki aliyenusurika kuuawa na nyuki! Wangepata jibu walilokuwa wakilitafuta.

Na sindano ilikuwa kwenye mkoba wa Sally, na mkoba ulikuwa mezani kwa mlinzi, kwa maana mikoba haikuruhusiwa ndani.

"Mkoba!" Sally alilia, na viatu vyake vikasikika vikikimbia, vikigonga kabati, vikikimbia tena.

Odero aliwasha tochi ya simu. Mwanga ulipita juu ya pundamilia, juu ya mamba, ukatua kwa nyati. Jebet alikuwa amepita chini ya kamba ya kuzuia watu. Alisimama kando ya shingo ya mnyama, mkono ameuinua, na juu ya mkono wa sweta yake nyuki kama kumi walikuwa wakitembea.

"Nimewasalimia, Kogo," alisema kwa sauti ndogo ya kanisani. "Mmoja ameingia ndani ya sweta. Ananitekenya."

Kibii alitaka kuruka. Odero akamkamata ukosi. "Ukimshtua atarusha mkono. Wataamka wote, boss."

"Mwacheni," Kogo akasema kwa fahari. "Anafanya vizuri. Hawamuumi, ni mtoto wao."

"Mama, watamuua," Kibii akasema. "Mwezi wa nne aliumwa na mmoja tu, akalazwa siku tatu. Karibu tumzike. Nilikuficha."

"Ulinificha mimi?"

"Niliogopa mashangazi watasema si wetu. Niliogopa hata wewe utasema."

Kogo akainama, mgongo ukalia, akapita chini ya kamba.

"Jebet, salamu zimefika. Sasa simama kama huyu nyati."

"Nyati amekufa, Kogo."

"Basi kuwa nyati mwenye adabu."

Kwa upindo wa leso yake aliwasukuma nyuki mmoja mmoja, polepole, mpaka mkono wa sweta ukabaki mtupu. Mtupu nje. Ndani, kijivimbe kidogo kilikuwa kinapanda kuelekea kiwiko. Kibii alikiona kikisimama, kikitetemeka, kikiendelea. Kogo aliingiza vidole viwili. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kibii hakujua kama anasalimia au anaomba msamaha. Halafu akabana.

"Mathe, umemponda?" Odero alimpigia Kogo kelele. "Tokeni! Wakimnusa huyo aliyepondwa wanakuja wote!"

Mvumo ukapanda ukawa mngurumo. Kibii alimnyakua mtoto, akambana kifuani, akakimbia akimvuta mamake kwa leso. Odero akaubamiza mlango nyuma yao.

Nje, juani, Sally alikuwa anapanda ngazi na sindano mkononi. Walimvua Jebet sweta. Walitazama mkono, shingo, masikio, ndani ya nywele. Hakuna alama. Bado hawakuamini, walikaa wakiitazama midomo yake, wakisikiliza kila pumzi, mpaka alipouliza kama anaweza kununuliwa soda.

Kogo alikuwa ameketi kwenye ngazi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimevimba, mwiba bado umo.

"Umemuua," Jebet alimwambia, macho yamemtoka. "Ulisema hatuwaui."

"Nilisema."

Alikitazama kidole. Kisha akamwita mkwe wake, na Sally akapiga magoti mbele yake.

"Mashangazi wakija tena kunywa chai yako na kuuliza mtoto huyu ni wa nani, usijibu. Kibii pia asijibu. Nitasimama mimi, niwaambie nilimuua nyuki kwa mkono huu kwa ajili yake. Nakuahidi, mama Jebet. Hawatauliza mara ya pili."