Kiti cha Waitara Hakikuanguka

Radi iliua ng'ombe sita wa Waitara kwa pigo moja, Alhamisi saa tisa alasiri, na kosa lilikuwa la kiti.

Kule Nyanungu kila mtu ana kipimo chake cha mvua. Jirani wa Waitara, Mokami, alitazama mbuzi. Waitara aliamini kiti chake cheupe cha plastiki kilichokaa uani. Kikianguka, mvua ni ya kawaida, endelea na uji. Kikifika kwenye uzio wa minyaa, anua ulezi. Kikiruka uzio na kutua kwa Mokami, kimbia ukawafungue ng'ombe chini ya mkuyu, ng'ambo ya kijito, uwaingize bomani. Miaka minne kiti hakikuwahi kumdanganya.

Alhamisi hiyo wingu lilikuwa jeusi tii. Mokami akapaza sauti juu ya uzio.

"Waitara! Mbuzi wangu wameingia chini ya kitanda. Ng'ombe wa mahari ya mwanao wako wapi?"

"Mbuzi wako waoga kama mwenyewe. Mimi natazama kiti."

"Kinasemaje?"

"Kimetulia."

"Wewe! Bati la choo chako limepita hapa sasa hivi!"

"Bati si kipimo," Waitara akasema, akarudi kwenye uji.

Bakuli lilikuwa limefika nusu radi ilipoupasua mkuyu.

Mvua ilipokatika alivuka kijito, akaona sita wamelala na wawili wamesimama, akarudi. Akasimama mbele ya kiti. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya katani.

"Mama Heche, nani amefunga kiti?"

"Mimi," Tabitha, mkewe, akasema. "Wakwe wanakuja Jumamosi, na viti tunavyo vitatu tu. Nimechoka kukifuata kwa Mokami kila mvua ikinyesha."

"Mbona hukuniambia?"

"Baba Heche, umekitazama saa nzima. Kamba hukuiona?"

Waitara akainama, akaishika kamba. Alikuwa akitazama kiti, si kamba.

Jumamosi alifika Kornelio, baba wa binti aliyeposwa na Heche. Akakaribishwa kwenye kiti hichohicho, akaomba aoneshwe mahari, ng'ombe wanane kama walivyopatana. Waliokuwa bomani ni wawili. Sita walikuwa wamefukiwa. Bati moja la choo halijaonekana mpaka leo. Harusi ilisogezwa mbele misimu miwili ya mavuno. Kiti kilikuwa kizima.