Sushi Ipo kwa Mama Bhagwati

Mimi watu wa Dar nawapenda, msije mkaninukuu vibaya. Wanakuja Ijumaa na treni ya umeme, wanashuka na mabegi mgongoni utadhani wanahama, Jumamosi wanapanda Uluguru, wanashuka wanachechemea, Jumapili hao wanarudi kwao. Tabu yao ni moja tu: hawaulizi watu. Mimi nimesimama mbele yake na khanga yangu kiunoni na sahani mkononi, lakini mtu wa Dar ataiuliza simu wapi pana chakula kizuri. Na simu ikimdanganya ataiamini yeye, na wajukuu zake watarithi.

Ndivyo mgahawa wetu ulivyogeuka kuwa wa sushi.

Mwenye mgahawa ni Mama Bhagwati, Mhindi wa hapa hapa Morogoro, mjane, kazaliwa nyuma ya soko na hajawahi kutaka kuishi kwingine. Dirisha la jiko lake linatazama mlimani. Sheria ya nyumba ile ni moja na haina mjadala: nyama haivuki kizingiti, samaki havuki, yai halivuki. Mimi Mwanvita nimempikia tangu sijaolewa, na siku zote hizo dagaa wangu wa mchana nimewalia nje, kwenye benchi la Abeid fundi cherehani, jua la utosi, vumbi la bodaboda likinikolezea mchuzi. Sijawahi kulalamika. Haya, nimelalamika, lakini kwa Abeid tu.

Chakula chetu kinachosifika ni patra. Unachukua majani ya magimbi, yale mapana ya kwetu Mlali, unayapaka unga wa dengu uliokorogwa na ukwaju, sukari guru na pilipili. Unayapanga jani juu ya jani, unayaviringisha kama mkeka, unayapika kwa mvuke mpaka yaive kweli kweli, maana gimbi lisipoiva linawasha koo. Ndipo unakata vipande vya mviringo, unavikaanga kidogo na ufuta. Kipande kina duara la kijani kilichokolea, ndani njano. Mezani tunakiweka na chatne ya giligilani. Ni jani. Halijawahi kuogelea popote.

Sasa biashara ilikuwa imedorora. Wateja walikuwa wazee wachache wa hekaluni, na wao meno yamewaisha. Sachin, mtoto wa Mama Bhagwati, anaishi Dar. Huyo nimembeba mgongoni, amenikojolea khanga zangu zote nzuri. Akaja siku moja na viatu vyake vya kung'aa, akazunguka meza tupu, akatoa hukumu.

"Ba," akamwambia mama yake, maana Wagujarati mama wanamwita Ba, "ikifika sikukuu ya Diwali meza bado tupu, tunafunga. Jengo nampangisha muuza spea. Wewe unakuja kukaa kwangu Upanga."

Upanga kwenyewe ni ghorofa ya tano. Mama Bhagwati akageuka akaondoka. Nilimkuta jikoni ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, anautazama mlima kana kwamba anauaga.

"Mwanvita," akasema, "kule nitampikia nani? Mke wake anapasha chakula kwenye kile kisanduku kinacholia. Nitakaa kitini nasubiri kufa."

Roho iliniuma, sisemi uongo. Nilimwambia Mungu yupo. Sikujua Mungu atamtuma Geofrey.

Geofrey ni kijana wa Dar, ndevu zimechongwa, sauti ya mtangazaji. Aliingia na wenzake wanatoka mlimani, tope mpaka magotini. Siku hiyo sokoni niliuziwa karoti nyingi kuliko akili, na Mama akasema tuziweke katikati ya patra zisiharibike. Nilipoiweka sahani mezani, Geofrey akaruka.

"Oyaa! Sushi! Wanangu, Moro kuna sushi!"

"Hiyo patra, mwanangu," nikamwambia. "Majani ya magimbi."

Akacheka kwa huruma, vile mtu wa Dar anavyomcheka mtu wa mkoani. "Sawa, mama. Nyinyi huku mnaita patra." Akawageukia wenzake, akaonyesha karoti. "Mnaiona hiyo ya rangi ya chungwa? Salmoni hiyo. Samaki wa bei mbaya. Na hii ya kijani ya pembeni ni wasabi, pilipili ya Wajapani."

Karoti ya Mgeta, jamani! Akaomba vijiti vya kulia. Nikamletea vijiti vya kuchokonolea meno, ndivyo tulivyokuwa navyo, akala navyo huku jasho linamtoka. Akapiga picha. Kabla hawajalipa alikuwa ameshaandika kwenye ramani ya simu: sushi bora kuliko zote Morogoro, nyota tano. Kwa hilo hakukosea, maana zile nyingine sijui ziko wapi.

Basi wakaanza kuja. Wakaja wa Dar, wakaja wa Dodoma, akaja mpaka Mzungu mmoja mwanafunzi aliyetazama sahani muda mrefu, akanitazama mimi, akala bila kusema neno. Kila mtu nilimwambia ni jani. Kila mtu alinikonyeza. Siku moja majani hayakuiva sawasawa, meza nzima ikawashwa koo, wanakohoa machozi yanawatoka. Nikajua leo tumekwisha. Wakasema wasabi ya pale ni kali ya kweli kweli, siyo ya kuchakachua. Wiki iliyofuata walileta na mashemeji.

Nilichokuja kugundua nikiwahudumia ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kula sushi. Kila mtu alikuwa anamwibia mwenzake jicho kuona anashikaje, anachovya wapi. Anayesema "mmh, samaki fresh huyu" anakuwa amefunika wengine wote, na nani atakubali kuonekana mshamba mbele ya mchumba wake?

Mama Bhagwati furaha ilimrudia. Akaanza tena kuvaa sari zake za rangi. "Hawa watoto wanaita sushi," akaniambia. "Majina ya Dar hayo. Lete chaki, andika mlangoni."

Nikaenda kwanza kwa Abeid, nikamwomba aniangalizie kwenye simu sushi ni nini hasa. Abeid akasoma, akaweka simu chini taratibu.

"Samaki mbichi," akasema.

"Mbichi vipi?"

"Mbichi, Mwanvita. Hajaona moto."

Mtume! Nilikaa. Mwanamke ambaye akiona ganda la yai kwenye ngazi anaosha ngazi nzima, leo ananiambia nimwandikie mlangoni kwamba anauza samaki mbichi. Nikimwambia, anafunga kabla jua halijazama, na kesho yake Upanga. Nisipomwambia, anaendelea kuishi. Nikachukua chaki nikaandika SUSHI IPO, na nikaandika kwa herufi kubwa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Diwali hapakuwa na pa kukaa. Geofrey mwenyewe alikuwepo na kundi jipya, anawafundisha. Ndipo nikaona viatu vya kung'aa vinapita kwenye ubao wa mlangoni. Sachin. Hakuniamkia. Mtoto niliyemlea mwenyewe, ananipita kama nguzo ya umeme! Nikajua pana jambo.

Mama alikuwa anatoka jikoni na sinia. Uso ulimng'aa. Hii ndiyo siku aliyokuwa anaisubiri, mtoto azione meza.

"Sachin! Umeona? Hakuna kiti!"

"Ba, unauza samaki?"

"Nini?"

"Samaki! Ofisini wananionyesha picha kwenye simu, wananicheka. Hekalu zima la Dar wanajua. Mjane wa baba yangu anauza samaki mbichi! Sushi, Ba, unajua sushi ni nini? Ni samaki mbichi!"

Sinia likainama upande. Nilimwahi nikalipokea. Mama Bhagwati alikaa kwenye kiti cha mteja, akajifunika kichwa kwa ncha ya sari, na wateja wote wakageuza shingo. Nilitamani ardhi inimeze mimi na chaki yangu.

"Leo hii unafunga," Sachin akaendelea. "Sisubiri Diwali. Panga nguo zako. Aibu gani hii, Ba? Sisi watu ambao hata yai hatuligusi!"

Geofrey, mpenda amani, akasimama. "Kaka, tulia. Mama anapiga sushi ya kiwango. Mimi sushi nimekula kila mahali, nakwambia kama mtaalamu, hii salmoni..."

Sachin akaitazama sahani. Akachukua kipande, akakipasua kwa vidole, akakinusa. Akakitia mdomoni. Patra ya mama yake anayoila tangu utoto! Nikaona uso wake unabadilika, kwanza akashangaa, kisha hasira zikahama kwa mama yake zikaenda kwa Geofrey.

"Wewe hujawahi kula sushi hata siku moja," akamwambia.

"Nimekula, bwana!"

"Hujala! Wali uko wapi hapa? Sushi ni wali, bwana, wali wa vuguvugu, una siki kwa mbali na sukari kidogo, unanata vidoleni. Na salmoni ni hii? Salmoni hutafuni! Ukiiweka ulimini inayeyuka yenyewe. Jodari ndiyo usiseme. Ile minofu ya tumboni, ya pinki, ina mafuta mafuta... unaigeuza hivi, unaichovya kwenye mchuzi wa soya upande wa samaki, siyo upande wa wali, ukichovya upande wa wali umeharibu kila kitu, halafu unaiweka..."

Alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshika vijiti ambavyo havikuwepo, na vilivishika vizuri sana, siyo kama Geofrey. Akameza mate. Wote tulimwona.

Mama Bhagwati akaifunua sari usoni.

"Sachin."

"Ndiyo, Ba."

"Unachovya upande gani?"

Macho yakafumbuka. Mkono ukashuka taratibu mpaka mfukoni. "Ba, ni wateja wa kampuni. Wao ndio wanapenda tukutane kule Masaki, mtu huwezi..."

"Nimekuuliza upande gani."

"Wa samaki," akasema. Alisema kwa sauti ile ile ya zamani, alipokuwa anakamatwa na sukari guru mkononi.

Hapo mimi nikashindwa. "Nyani haoni kundule!" nikapasuka. "Mimi dagaa wangu nimewalia vumbini miaka yote, mvua ikinyesha nawafunika kwa kiganja, kwa sababu nyumba hii ina heshima! Kumbe mwenye nyumba anakula mbichi! Wangu walikuwa wamekaangwa, Sachin! Walikuwa wameiva!"

Geofrey akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Samahani. Kwa hiyo hii siyo samaki?"

"Jani!" nikamwambia. "Nimekwambia tangu siku ya kwanza, jani!"

Mama Bhagwati akanyanyuka, akaenda jikoni. Nilimfuata nikijua nakwenda kumwokota. Alikuwa dirishani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa anayafuta.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, Mama. Tangu siku ya chaki."

"Na huyu wangu, ulijua?"

"Wallahi sikujua."

Alilia kidogo, kilio cha mtu mzima, mabega tu. Kisha akapenga kamasi, akauliza: "Hawa wote walikuja kutafuta samaki?"

"Wote."

"Wakala jani?"

"Wakala jani, wakashiba, wakarudi tena."

Akauangalia mlima. Nikaona mdomo unamcheza upande mmoja. "Samaki wangapi hao wamepona, Mwanvita," akasema. Akanawa uso, akachukua patra za moto, akazifunga kwenye foili fungu moja kubwa.

Alitoka nazo mbele ya watu wote. Sachin alikuwa bado amesimama palepale. Mama akamshika mkono, akamwekea foili kiganjani, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Hamu ikikushika tena, usihangaike kwenda kwa watu," akamwambia. "Panda treni uje hapa. Mama yako anauza sushi."

Akageuka kwa wateja, akauliza nani anaongeza. Geofrey akasema yeye. Simuelewi yule kijana, na sijajaribu kumuelewa.

Mchana ulipotulia nilibeba bakuli langu kwenda kwa Abeid. Sachin alikuwa amekaa kwenye benchi, foili mapajani, viatu vimeota vumbi. Safari hii aliniamkia. "Shikamoo, dada Mwanvita." Nikaitikia marahaba, nikakaa, nikafunua bakuli.

"Na muuza spea?" nikamuuliza.

"Nitamwambia jengo lina mtu."

"Na Diwali?"

"Diwali nakuja kula hapa."

Harufu ya dagaa, ndimu na pilipili ikapanda. Nikamwona anaangalia bakuli langu kwa pembeni, shingo inarefuka kidogo kidogo, koo linapanda na kushuka.

"Usithubutu," nikamwambia. "Mama yako yuko mlangoni, anatutazama."

Akainamisha kichwa, akala jani lake.