Biringanya na Ganda Lake

Jikoni mwa hospitali wananiita Kisu, na jina hilo sikuliokota barabarani. Miaka ishirini na miwili namenya. Karoti naziparua mpaka zinapauka, na biringanya kwangu haliingii sufuriani na ganda lake. Mgonjwa hapewi chakula cha ovyo.

Jumatatu tukaletewa mtaalamu mpya wa lishe: binti yangu, kitinda mimba, koti jeupe linampwaya mabegani. Mganga mkuu alishamwambia kwamba wapishi wasipomsikiliza ndani ya wiki, atahamishiwa stoo. Nililijua hilo, lakini alipochungulia ndoo yangu ya maganda akatikisa kichwa, nilikasirika.

"Mama, unatupa kilicho bora."

"Natupa uchafu. Wewe nimekulea bila maganda, mbona hujafa?"

Wapishi wenzangu wakacheka. Yeye akapasua biringanya katikati, nusu moja akaikamulia limau, nyingine akaiacha. Seli za mwili, alisema, hushambuliwa kila siku na vichembe vikorofi vinavyotokana na moshi, jua kali, hata na mwili wenyewe ukitumia chakula kupata nguvu. Mmea nao unachomwa na jua kutwa na hauna pa kukimbilia, basi hujitengenezea kinga, na sehemu kubwa imo kwenye rangi ya ganda. Tukila, nasi tunasaidika kuzilinda seli zetu.

"Kumbe ni dawa?" aliuliza mkata vitunguu.

"Si dawa, shangazi. Ni msaada tu. Dawa atatoa daktari."

Jibu hilo nililipenda. Hakujitia kujua asichokijua. Nikatazama mezani. Nusu iliyoachwa ilikuwa imeanza kuwa kahawia, yenye limau ingali nyeupe, maana limau nalo lina kinga ya namna hiyo.

Wenzangu hawakuwa wakitazama biringanya, walinitazama mimi. Nikisonya tu, mwanangu yuko stoo. Kukosea hakukunitia haya. Kilichonichoma ni kufunzwa na mtu niliyemfunza kushika kijiko.

Nikavuta kikapu cha mabiringanya, nikasimama mbele yake.

"Mtaalamu," nikasema, "haya tuyamenye, au tuyaoshe tu?"

Mkata vitunguu akaacha kukata. Jikoni mle hakuna aliyewahi kunisikia nikiuliza.

"Yaosheni tu," akasema. "Na hayo maji ya kwenye karai, mama, yabadilishe. Ni machafu."

Nikabeba karai mwenyewe mpaka bombani, na furaha niliyokuwa nayo sikuwahi kuipata tangu siku niliyomzaa.