Yowe Nililolimeza

Sixbert alimpiga mume wangu rungu la kichwa nikiwa naangalia, kwenye shamba letu la alizeti, ng'ombe wa baba yake wakiwa bado wanatafuna. Anselm alikuwa ameshika fahali mmoja pembe, anamvuta atoke. Wakatukanana. Anselm akamwambia, "Wewe na ng'ombe wako wote hamjui tofauti ya shamba na choo." Sixbert akacheka kwanza. Halafu akapiga. Mlio wake ulikuwa kama wa kibuyu kinachoanguka sakafuni. Anselm alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, akajishika sikio, damu ikaanza kutoka puani. Jua lilipokuwa linashuka alikuwa ameshasahau mimi ni nani. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani kwangu, ananiita mama.

Sixbert akakamatwa. Wakasema ni kuua bila kukusudia. Akakaa mahabusu mpaka alizeti zikakomaa na kukauka, kisha akatoka kwa dhamana kusubiri kesi. Siku iliyofuata Alute, mdogo wake Anselm, alikuja kwangu, akavuta kigoda.

"Shemeji, umesikia karudi?"

"Nimesikia."

"Anapita hapa nyuma kila asubuhi na ng'ombe, anakwenda bwawani. Kanenepa! Mahabusu wanakula kuliko sisi wafiwa."

Nikaendelea kuchambua dengu.

"Wewe kazi yako ni ndogo," akasema. "Akipita, piga yowe. Sema mwizi. Basi. Mengine waachie wananchi."

Kwetu yowe halina maswali. Sauti ya mwanamke ikipanda, mtu anaacha tonge, anachukua kilicho karibu, jembe, mchi, fimbo ya kupigia alizeti, anakimbilia sauti iliko. Asiyekwenda, siku akiibiwa yeye hataendewa. Ni utaratibu mzuri, mifugo yetu mingi imeokolewa nao. Lakini mwaka juzi niliona upande wake mwingine. Mwanamume mgeni wa huko Mungaa alikuwa anaswaga ndama wake aliyemtoroka mnadani. Binti mmoja akaona mtu asiyemjua na ndama, akapiga yowe. Mimi nilifika na mchi. Nikakuta ameshalala, watu wanapokezana, na mzee mmoja wa heshima zake, msoma masomo kanisani, amemkanyaga shingo anahema kama amepanda mlima. Jicho la yule mgeni lilikuwa limetoka nje, linaning'inia. Baadaye kidogo akaja mkewe, anamwita ndama kwa jina, na ndama akamfuata. Redioni wakasema wananchi wenye hasira kali. Hakuna aliyefungwa.

Alute alilijua hilo vizuri.

"Na dhambi?" nikamuuliza.

"Dhambi ya nini? Utakuwa umeshika silaha gani? Kuita majirani siku hizi ni dhambi?"

"Nitafikiria."

"Usifikirie sana, shemeji. Anselm hafikirii."

Jumamosi ile sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu. Tulipofika kwenye Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea, nikafunga mdomo. Nilikuwa nafanya hivyo tangu maziko. Wengine hawakuona, ila Mama Theresia, mwenyekiti wetu, aliona, maana yeye husali jicho moja wazi ajue nani hajaja. Wenzake walipoondoka akabaki, akajimiminia uji bila kuulizwa.

"Unaruka maneno," akasema.

"Nikiyasema nitakuwa namdanganya Mungu, mama."

"Hapo umesema kweli." Akanywa. "Mimi marehemu wangu alinipiga mpaka meno haya mawili yakaondoka. Nikamsamehe alipokufa. Na bado siku nyingine, nikitafuna nyama, natengua."

Nikacheka bila kutaka. Halafu nikalia. Nikamwambia alichokisema Alute, chote. Akaweka kikombe chini.

"Selina mwanangu. Mungu hajakwambia umpende yule leo. Amekwambia usiue. Anzia hapo hapo, pa chini."

"Lakini yeye aliua na anachunga ng'ombe! Nikimwachia Mungu, Mungu anafanya nini? Mimi simwoni akifanya kitu."

"Hata mimi simwoni," akasema. "Ndiyo maana kunaitwa kuamini. Ungekuwa unamwona, ungekuwa unaangalia tu."

Jibu lile halikunitosha. Nililala nalo, nikaamka nalo, na bado halikunitosha.

Jumatatu Alute alikuja mapema na panga. Akajificha nyuma ya lundo la mabua. "Leo," akasema. "Panga ni la akiba tu, watu wakichelewa." Mimi nilikuwa nimetandika turubai, napiga vichwa vya alizeti vilivyokauka. Unakigeuza kichwa uso chini, unapiga mgongoni kwa fimbo, mbegu zinamwagika. Asubuhi ile kila kichwa kilikuwa cha Sixbert. Nilipiga mpaka vingine vikapasuka vipande vipande, mbegu zikaruka nje ya turubai, kuku wakashangilia. Nilisikia raha mikononi. Raha ile ilinitisha, lakini sikuacha kupiga.

Ng'ombe wakatangulia, yeye nyuma. Hakuwa amenenepa. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nilidhani atapita, lakini aliwaacha ng'ombe waende, akaja mpaka ukingoni mwa turubai, akavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi, yowe limefika kooni, na nyuma ya lundo nikaona kiwiko cha Alute kinacheza.

"Dada Selina, nimekuja mwenyewe. Sikukusudia kuua."

"Ulicheka," nikamwambia. "Ulicheka kwanza, ndipo ukapiga. Mtu asiyekusudia hacheki. Nilikuwa pale, nilikuona meno."

Nilingoja akatae. Laiti angekataa. Neno moja tu la kukataa na ningepiga yowe mpaka Mgori msituni wasikie.

Akaangalia alizeti zilizopasuka. "Nilicheka," akasema. "Kweli. Nilitaka kumwumiza. Afe sikutaka, lakini kumwumiza nilitaka sana. Huko mahabusu waliniambia nisiseme hivyo mbele ya hakimu. Nimeona nikwambie wewe."

Niliushika mdomo kwa mkono kama mtu anayetaka kutapika. Yowe likarudi chini, likaniunguza likipita. Nilimwona yule mgeni na ndama wake, nikaona mguu juu ya shingo, na safari hii mguu ulikuwa wangu.

"Kimbia," nikasema. "Kimbia, mjinga wewe! Alute yupo!"

Badala ya kukimbia, aligeuka kutazama. Panga lilimpata kwenye bega, nikasikia mfupa. Akapiga magoti. La pili lilikuwa linakuja shingoni, akainua mkono, vidole vikakatika, kimoja kikaangukia kwenye mbegu. Akamrukia Alute kwa kichwa tumboni, wakaanguka wote, panga likaruka mbali. Wakaumana kama mbwa. Alute akamtia kidole kwenye lile jeraha la bega, Sixbert akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Kisha Alute akajinasua, akasimama, na yeye mwenyewe akapiga yowe.

"Mwiziii! Mwizi wa ng'ombe jamani! Mwiziii!"

Nilizisikia fimbo za mashamba ya jirani zikinyamaza. Ukimya ule naufahamu. Wanakuja.

Mtu akianguka na watu wakifika wameshika kitu, huna nafasi ya kueleza. Nilijua hivyo kwa sababu nami niliwahi kufika nimeshika mchi. Basi nikalala juu yake. Nililala kifudifudi juu ya mtu aliyemuua mume wangu, damu yake ikapenya kitenge mpaka tumboni kwangu, ya moto. Alikuwa ananuka ng'ombe na mkojo.

Fimbo ya kwanza ilinipata mgongoni. Ya pili ilivunja mkono wangu wa kushoto, nikaona kiganja kimegeukia kusikotakiwa.

"Toka, Selina! Toka tummalize!"

"Unamlalia!" Alute alikuwa analia, mate yanamtoka. "Kitanda cha kaka yangu hakijapoa, unamlalia muuaji wake!"

"Si mwizi!" nikapiga kelele. "Nani kaibiwa? Semeni, nani kaibiwa?"

"Huyu si ndiye aliyemuua mumeo?"

"Ndiye! Kuua aliua, mbele yangu! Lakini mmeitiwa mwizi. Mwizi yuko wapi? Ng'ombe wake wale wanakwenda bwawani. Mkimuua mmeua bila mwizi, kama yule wa Mungaa!"

Fimbo zikabaki hewani. Nikamwona yule mzee msoma masomo, jembe limeinuliwa juu ya kichwa chake. Akaligeuza jembe, akalisimika ardhini, akaliegemea.

"Nani kapiga yowe?" akauliza.

Wote wakamgeukia Alute. Kwetu yowe la uongo ni kosa ambalo halimwachi mtu salama. Alute aliangalia fimbo zote zile, nikaogopa sasa kwa ajili yake. "Asiguswe," nikasema. "Kafiwa. Asiguswe na yeye." Akakaa chini kwenye mbegu, akajifunika kichwa kwa shati.

Mama Theresia akafika mwisho, anachechemea, akavua ushungi wake akamfunga Sixbert bega. Mtu akampigia simu Enock wa bodaboda. Enock alipofika hakuzima pikipiki.

"Mpaka kituo cha afya Ilongero, na njia ile? Simpakii peke yake, ataanguka kabla ya kufika. Nani anakaa nyuma amshike?"

Wanaume waliokuwa wanataka kumuua wakaanza kuangalia ng'ombe. Mama Theresia alikuwa mzee mno. Nikasimama. Wakanifunga mkono wangu kwa kanga kifuani, wakampandisha Sixbert, mimi nikakaa nyuma yake, nikampitishia mkono mzima tumboni.

"Mshikaki wa mahututi wawili," Enock akasema. "Haya, shikilieni."

Kila tuta lilinichoma mkono mpaka macho yakaona giza. Kila tuta alilia, na sitadanganya, kilio chake cha kwanza kilinifurahisha. Cha pili pia. Baada ya hapo kichwa chake kililegea, kikaangukia nyuma begani kwangu, upande ule ule aliokuwa analalia Anselm.

"Dada," akasema, "nakufa."

"Usithubutu. Una kesi. Utasimama useme ulivyoniambia mimi."

Nikambana zaidi. Moyoni nikasema, Bwana, sijamsamehe. Unaona mwenyewe. Nina mkono mmoja tu, na mkono wenyewe ndio huu. Upepo tu na vumbi, na damu ikishuka kwenye goti langu.

"Shemeji!" Enock akapaza sauti bila kugeuka. "Huyo yuko hai huko nyuma?"

Nikaweka sikio mdomoni kwa Sixbert, nikasubiri.

"Anapumua," nikasema. "Endesha."