Kitambaa Chekundu Kwenye Gurudumu

Kabla hakujapambazuka nilisikia kinu cha kahawa kikisaga karibu na jiko, krr, krr, taratibu, kama anayesaga anaogopa kuamsha watu. Alikuwa Gunhild, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba yetu, mjamzito wa miezi saba. Wiki nzima yeye na mumewe walilala nje kwenye gari lao la ng'ombe, wakikataa kututoa kitandani.

"Lala, Mama Almira," alininong'oneza. "Leo unakunywa kahawa ya kweli. Ile yenu ya shayiri iliyoungua nimewapa kuku."

"Maskini kuku, wamekukosea nini?"

Tukacheka kidogo.

Tulipofika Nebraska hapakuwa na mti wala jiwe, ila kigingi cha mpimaji kwenye kona. Orrin, mume wangu, alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la gari letu ili tupime umbali. Yeye aliongoza ng'ombe, mimi nikahesabu kila kitambaa kilipopanda juu. Mizunguko mia mbili, na hapo ndipo mpaka wa shamba letu. Karibu na mpaka huo tulijenga nyumba kwa vipande vya udongo wenye nyasi. Orrin alichimba kisima mpaka mgongo ukamharibika. Mwaka wa nne tukamzika Almira wetu nyuma ya nyumba.

Sheria ilisema ukikaa miaka mitano juu ya kiwanja chako, kinakuwa chako. Ilipotimia akaja mpimaji wa serikali na mnyororo wake wa kupimia ardhi. Nyumba, kisima na kaburi, vyote vilikuwa nje ya mpaka, kwenye ardhi waliyoinunua akina Gunhild. Kwenye ardhi yetu wenyewe hatukuwahi kulala hata usiku mmoja, kwa hiyo miaka yetu haikuhesabiwa. Tungeanza upya bila kisima, na Orrin alikuwa hawezi tena kuinua koleo. Kilichobaki kilikuwa kurudi Iowa, tukalale jikoni kwa kaka yangu.

Tulipokuwa tunapakia vitu asubuhi ile nilishindwa kuendelea kunyamaza.

"Baba Almira, ni mimi niliyekosea hesabu."

Aliendelea kukaza kamba.

"Mtoto alikuwa mapajani. Akacheka, ndiyo mara ya kwanza. Nikambusu, hesabu ikanipotea. Nikabahatisha namba."

"Alicheka vipi?"

"Kama mwenye kwikwi."

Alisimama na ile kamba mkononi mpaka ng'ombe wakaanza kuhangaika.

"Ungeniita na mimi nione," alisema, kisha akafunga fundo.

Hakunilaumu siku ile, wala baadaye.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuaga. Nikakuta mume wa Gunhild amebandua mbao za ubavuni mwa gari lake na kuzungushia kaburi, ng'ombe wasilikanyage. Nilishika ule uzio, sikuweza hata kusali.

Nilipokwisha kupanda garini, Gunhild alinipandishia mkate ungali wa moto, umefungwa kwenye aproni yake. Kisha akalishika gurudumu, Orrin akashindwa kuondoa gari.

"Utakuja tena kunitembelea, Mama Almira?"

Iowa ilikuwa mwendo wa wiki tatu, na ng'ombe wetu mmoja alikuwa tayari anachechemea. Gunhild alijua.

"Huku hakuna mwanamke mwingine," alisema. "Njoo tena. Hata mara moja tu."